Zulia juu ya simiti: kabla ya kuligundisha, ipime sakafu

Wengi wetu tukisikia Kitui au Makueni tunawaza jua, vumbi jekundu na mito ya mchanga mtupu. Ndiyo maana dada yangu alipohamia Wote kikazi, suala la unyevu halikumpitikia kabisa. Alipanga nyumba mpya, akanunua zulia zito la ukuta kwa ukuta, na fundi akaligundisha juu ya simiti. Mvua za Novemba zilipokolea, chumba kikaanza kunuka uvundo. Mwanawe ana pumu, ikawa hapati usingizi. Walipolibandua zulia, chini yake palikuwa na ukungu mweusi, na sakafu imetoa chumvi nyeupe kama unga.

Msomaji, simiti haikauki kama inavyoonekana. Ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huvuta maji kutoka ardhini kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huo hupotea hewani bila ya mtu kujua. Ukiifunika kwa zulia lenye mgongo wa raba, unyevu hukwama hapo, gundi ikalainika na ukungu ukapata makao. Ile chumvi ni ya ardhini na ya simiti yenyewe. Maji huipandisha juu, yakakauka na kuiacha.

Nyumba iliyojengwa sawasawa huwekwa karatasi nzito ya nailoni chini ya zege, ili maji yasipande. Tatizo ni kwamba wako wanaoiruka kupunguza gharama, na mpangaji hana njia ya kuiona. Tena zege jipya lina maji yake lenyewe. Mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, kwa hivyo sakafu ya inchi nne hutaka kama miezi minne.

Kipimo chake ni rahisi. Kata nailoni angavu yenye upana wa nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au simiti imegeuka rangi ikawa nyeusi zaidi, usigundishe kitu. Rudia kipimo hicho wakati wa mvua, kwa sababu Ukambani mwezi wa Agosti karibu kila sakafu itakuambia ni kavu.

Na usidhani mkeka wa mbao, ule wa plastiki unaouzwa kwa mita, ni dawa. Nao hufungia unyevu vilevile. Penye unyevu, heri kuacha sakafu wazi ukatandika mkeka wa ukindu au zulia dogo linaloinuliwa. Kila wiki litoe nje, likung'ute lile vumbi jekundu na ulianike juani. Angalia pia maji ya paa yanamwagikia wapi. Yakituama ukutani, yataingia ndani.

Kwa sisi tunaoswali sebuleni, kuna jambo jingine. Mtoto akikojoa juu ya zulia dogo, utalitoa ulioshe mpaka litoharike. Lililogundishwa utalimwagia maji hapohapo, nayo yazidi kulowesha simiti na kuukuza ukungu.

Zulia likishaota ukungu mgongoni, kulianika pekee hakutoshi, litupe. Sugua sakafu kwa sabuni, mdomo na pua umevifunika, kisha fungua madirisha mpaka ikauke kabisa.

Nasi wa Pwani tusiwacheke wa bara. Hewa yetu ya bahari ina unyevu mwaka mzima, na mazulia ya kugundisha tunayapenda kuliko wao.

Dada yangu sasa ana sakafu tupu na mikeka miwili aliyotumiwa kutoka nyumbani. Mtoto bado ana pumu, lakini usiku analala.