Haki za Mama Mzazi Kazini: Yaliyomo Sheriani na Yanayotendeka Kariobangi

Si haba familia za Mombasa, Malindi na Lamu zilizo na binti, dada au mkaza mwana anayetafuta riziki katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kariobangi ni mojawapo ya mitaa hiyo. Kando ya barabara ya Outer Ring zimejipanga karakana na viwanda vidogo vya eneo la Light Industries, na kuzunguka hapo yako maduka, mikahawa, saluni na vyumba vya ushonaji. Wengi wa wanawake wanaofanya kazi humo hawana hata barua ya ajira. Hulipwa jioni au mwisho wa juma, na siku tumbo linapoanza kuonekana huambiwa kwa upole: “Kapumzike, ukishajifungua tutaona.” Neno hilo husikika kama huruma, lakini aghalabu huwa ndiko kufutwa kazi kwenyewe.

Juma hili tumeona vyema tuwafafanulie wasomaji wetu sheria ya Kenya inasemaje juu ya jambo hili, kwani haki isiyojulikana haidaiwi.

Msingi ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa humo wazi ni ujauzito. Katazo hilo haliihusu Serikali peke yake, bali kila mtu. Kifungu cha 41 nacho kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo inayoingia katika undani. Kifungu cha 29 kinampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Likizo hiyo ikimalizika, ana haki ya kurudi katika kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi kwa uchache, haipotei kwa sababu ya kujifungua. Tunalitaja hili kwa sababu sheria ya zamani ilimpa mama miezi miwili tu, na likizo ya mwaka ikamponyoka. Wako waajiri ambao hadi leo wanahesabu kwa kipimo hicho kilichokwisha kufutwa.

Sharti analotakiwa kulitimiza mama si gumu. Amwandikie mwajiri taarifa angalau siku 7 kabla ya kuanza likizo, akitaja siku atakayoondoka na siku atakayorudi. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, akipate.

Je, anaweza kufutwa kazi kwa kuwa ni mja mzito? Kifungu cha 46 kinajibu kwamba mimba, au jambo lolote linalofungamana nayo, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Tena mfanyakazi anapodai kuwa amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mwaka 2013, Mahakama ya Viwanda jijini Nairobi iliamua kesi ya mfanyakazi wa benki aliyeachishwa kazi akiwa mja mzito. Mahakama iliona kwamba alibaguliwa kwa ajili ya mimba yake, na ikaamuru alipwe fidia.

Msomaji atauliza: hayo ni ya benki, na kibarua wa Kariobangi je? Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku zinazofuatana zisizopungua jumla ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kwa muda usiopungua miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Akiendelea kwa miezi miwili au zaidi, anastahili masharti sawa na mtu ambaye tangu awali hakuwa kibarua. Basi mshonaji aliyekaa kwenye cherehani ile ile mwaka mzima si kibarua, hata akilipwa kila jioni. Na kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, wajibu wa kuandika mkataba ni wa mwajiri. Kutokuwapo kwa karatasi hakumfutii mama haki yake.

Baada ya likizo huja suala la kunyonyesha. Pwani tumezoea arubaini, siku ambazo mzazi hulelewa na jamaa zake ndani ya nyumba. Lakini mtoto wa miezi mitatu bado ni wa titi, na kila Mwislamu anajua kwamba muda kamili wa kunyonyesha uliotajwa katika Suratul Baqara ni miaka miwili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, pasipokuwa msalani, na ampe mama nafasi kwa kazi hiyo mbali na saa ya chakula. Nafasi hizo zaweza kufikia jumla ya saa moja katika kila saa 8 za kazi.

Hatusemi kwamba mambo ni mepesi. Kenya imeuweka mzigo wote wa mshahara wa likizo mabegani mwa mwajiri, na mwenye karakana ya watu wanne huuona mzito. Tanzania Bara hulipa mafao ya uzazi kupitia mfuko wa hifadhi ya jamii, na likizo yenyewe ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ingefaa kuifikiria njia hiyo. Hata hivyo, mpaka sheria ibadilike, uzito wa mzigo haumpi mwajiri ruhusa ya kumtupa mama mzazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Binti yetu aandike tarehe aliyoanza kazi, ahifadhi jumbe za simu na ithibati za malipo ya M-Pesa, na abaki na nakala ya kila barua. Akiachishwa, asikae akingoja mtoto akue, kwani malalamiko kwa afisa wa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa. Mlango wa mahakama hubaki wazi hadi miaka mitatu, na fidia ya kufukuzwa isivyo haki yaweza kufikia mishahara ya miezi 12. Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, wapo FIDA Kenya na Kituo cha Sheria, ambao husaidia bila malipo.

Akina baba nao wana fungu lao. Sheria imewapa majuma mawili ya likizo kwa mshahara kamili mke anapojifungua. Majuma hayo ni ya kufua nguo za mtoto na kumpikia mzazi uji, si ya barazani.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Katika nyumba zetu nyingi, Pwani na Nairobi, yuko msichana anayepika, anayefagia na kutulelea watoto. Naye ni mwajiriwa kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Akishika mimba, huwa tunamfungia kanga zake na kumpa nauli ya kurudi kwao. Haki tunayomtakia binti yetu kule Kariobangi ndiyo haki yake yeye jikoni mwetu, na yeye hana wa kumdai ila sisi.