Mwanafunzi aliye ng'ambo asome pia majina ya barabara

Hapana jambo linalowakusanya wenyeji wa Mweiga upesi kuliko habari kwamba mtoto wa jirani amepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Mchango huitishwa, ng'ombe wa maziwa huuzwa, na pengine hati ya shamba hupelekwa benki. Mwaka mmoja au miwili baadaye kijana hurejea likizoni, na watu humzunguka wakitaka kujua aliyoyaona. Aghalabu majibu yake huwa mafupi: baridi, theluji, treni zisizochelewa na bei ya chakula. Mji alioishi muda huo wote anaujua kwa dirisha la bweni na njia ya kwenda maktabani tu.

Katika Kiswahili, kitenzi kusoma hubeba maana mbili. Mtu husoma chuoni, na mtu husoma maandishi. Ninaamini kwamba mwanafunzi aliye ugenini anapaswa kuziunganisha maana hizo mbili. Atenge walau siku nzima, awaite marafiki, autembee mji kwa miguu akiusoma kama asomavyo kitabu. Wazee wa Kigikuyu husema kwamba asiyetembea hudhani ni mamake tu ajuaye kupika. Nami ningeongeza kwamba atembeaye bila kusoma hurudi nyumbani na njaa ile ile.

Nitoe mfano. Nilipokuwa nikisomea Ujerumani, tulisafiri Jumamosi moja kwenda Berlin tukiwa wanne: mimi, dada mmoja wa Kampala, kijana wa Tanga, na Mjerumani aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Hatukwenda kwanza kwenye majumba ya makumbusho. Tulishuka katika mtaa wa Wedding, kwenye eneo liitwalo Mtaa wa Kiafrika. Barabara zake zina majina ambayo hayahitaji mkalimani: Kameruner Strasse, Togostrasse, Ugandastrasse, Sansibarstrasse, Usambarastrasse, Tangastrasse. Barabara za kwanza zilipewa majina hayo mwishoni mwa karne ya 19, Ujerumani ilipokuwa ikijivunia makoloni yake. Karibu na hapo, katika mbuga ya Rehberge, mfanyabiashara Carl Hagenbeck alikusudia kuonyesha wanyama pamoja na watu kutoka makoloni hayo, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vikaukatiza mpango wake.

Rafiki yetu wa Tanga alisimama chini ya bango lenye jina la mji wake akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu zangu, kwetu Tanga sijapata kuona Barabara ya Berlin." Yule Mjerumani hakuwa na jibu. Alizaliwa saa chache tu kutoka hapo, lakini hakuwahi kujiuliza majina yale yalifikaje.

Bango lililonishughulisha zaidi mimi, kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, lilikuwa la Petersallee. Barabara hiyo ilipewa jina mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye mwishoni mwa 1884 alizunguka Usagara na nchi za jirani akiwatia sahihi machifu kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, lugha wasiyoijua. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Serikali yake mwenyewe ilimwachisha kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake. Watu walipolalamika kuhusu jina hilo, wakuu wa mji walitangaza mwaka 1986 kwamba kuanzia hapo Petersallee ilimkumbuka Hans Peters, mwanasiasa aliyewapinga Wanazi. Bango halikung'olewa, wala herufi zake hazikubadilika. Aliyebadilishwa ni mtu anayerejelewa tu.

Ni vigumu kupata mfano bora wa kumfundisha mwanafunzi tofauti kati ya neno na kitu kinachotajwa na neno. Lakini ni mfano pia wa hila. Wakazi wa mtaa, na hasa Waafrika wa Berlin, hawakuikubali hila hiyo. Waliendelea kudai kwa miaka mingi, hadi mwaka 2024 barabara ikagawanywa: sehemu moja ikaitwa Maji-Maji-Allee, kuwakumbuka waliopigana na Wajerumani kusini mwa Tanzania kati ya 1905 na 1907, na nyingine Anna-Mungunda-Allee, kumkumbuka shujaa wa Namibia aliyeuawa mwaka 1959. Tayari mwaka 2021, katika mtaa wa Neukölln, jina la Hermann von Wissmann, aliyemshinda Abushiri na kumnyonga Pangani mnamo Desemba 1889, lilikuwa limeondolewa. Mahali pake likawekwa la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania.

Alasiri tulifika Brunnenstrasse. Hapo, katikati ya mawe ya njia ya waendao kwa miguu, pana kibamba kidogo cha shaba chenye jina la Bayume Mohamed Husen, kilichowekwa mwaka 2007. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akahamia Berlin mwaka 1929. Alihudumu mezani katika mkahawa, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa na utawala wa Wanazi, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Sisi tunaofundisha lugha hii vyuoni tunaye mtangulizi aliyekufa namna hiyo, ilhali jina lake halimo midomoni mwa wanafunzi wetu. Mimi mwenyewe nililisoma chini, miguuni pangu.

Msomaji atauliza: haya yanaihusu nini Mweiga? Yanaihusu sana. Hapo Mweiga ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950. Aberdare ni mji wa Wales. Jina hilo lilifika kwetu kwa sababu Joseph Thomson, katika msafara wake wa 1883 na 1884, aliyaona milima yetu akaipa jina la Bwana Aberdare, aliyekuwa rais wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza. Katika majira hayo hayo, Novemba 1884, mkutano wa kuigawanya Afrika ulikuwa ukifunguliwa Berlin, katika Wilhelmstrasse. Milima ile ilikuwa na jina lake: Nyandarua, ambalo wazee hulifasiri kuwa ngozi iliyowambwa ikauke. Atazamaye safu ile kutoka mbali huiona ngozi hiyo. Aidha, barabara ipitayo Mweiga huelekea Nyahururu, mji uliobeba jina la Thomson mwenyewe hadi wenyewe waliporudisha lao.

Wapo watakaosema kwamba majina hayamshibishi mtu, na kwamba mzazi aliyeuza ng'ombe anangoja shahada, si hadithi za mabango. Hoja hiyo ina uzito, na sidhani kwamba mwanafunzi apuuze darasa ili azurure mjini. Hata hivyo, mzazi huyo hakuuza ng'ombe ili mwanawe arudi na karatasi pekee. Alitarajia arudi na macho mapana zaidi. Isitoshe, wakazi wa Berlin hawakukesha mikutanoni miaka mingi kwa ajili ya jambo lisilo na maana. Walijua kwamba jina likiandikwa hadharani humheshimu mtu fulani kila siku, hata wapitao wasipolitambua.

Wala sisemi kwamba kesho tuing'oe kila alama ya Aberdare. Kufuta tu si kukumbuka. Ninachotaka ni kwamba kila mtoto apitaye langoni pale aweze kueleza ni nani aliyeitwa hivyo, nani alilileta jina hilo, na milima iliitwaje kabla yake. Baada ya hapo, uamuzi wa kulibadilisha au kuliacha utakuwa wake, naye ataufanya akijua.

Kwenu walimu: kazi hii haingoji viza. Lichukueni darasa siku moja mlitembeze katika mji wenu wenyewe, na kila mwanafunzi aandike majina kumi ya mahali na asili yake kama wazee waijuavyo. Wazee hao hawatakuwapo siku zote. Nanyi wanafunzi mlioko ng'ambo, msitembee na Wakenya wenzenu peke yao. Mchukueni pia mwenyeji, kwani maswali yenu yatamfundisha mji wake, naye atawasomea msichoweza kukisoma. Usiku mwandikieni mama barua kwa lugha aijuayo, mkamweleze mlikopita na kila mahali panaitwaje, na kwa nini.