Pasi Iliyotekenya Vidole

Jumamosi moja binti atusaidiaye kazi za nyumbani alinijia na malalamiko ambayo sikuyatia maanani. "Baba," alisema, "pasi hii inanitekenya." Nilidhani ni mzaha. Juma lililofuata alikataa katakata kuigusa, nami nikaishika mwenyewe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba binti yule alikuwa amechagua neno la upole mno.

Nilichomoa plagi, nikaifungua kwa bisibisi. Plagi zetu zina meno matatu. Waya wa kahawia, ufungwao upande wa fyuzi, huleta umeme. Wa buluu huurudisha. Na ule wa kijani na manjano, ufungwao kwenye jino refu la juu, huunganisha chuma cha pasi na ardhi, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Waya huo wa tatu ulikuwa umekatwa na kukunjwa. Aliyeukata ni fundi tuliyempa pasi hiyo miezi michache kabla. Isitoshe, karibu na mpini, mpira wa waya ulikuwa umeungua na kupasuka. Nilinunua waya mpya wa nyuzi tatu unaostahimili joto, nikaufunga kila uzi mahali pake. Kazi yote haikuzidi saa moja.

Je, tumlaumu fundi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini yeye alijifunza kazi kwa kutazama, na macho humfundisha mtu kwamba pasi hupata moto kwa nyaya mbili tu. Waya wa tatu haufanyi kazi yoyote inayoonekana siku 999. Siku ya 1000 huokoa roho. Jambo kama hilo halijifunzwi kwa kutazama. Sharti lielezwe, na lielezwe kwa lugha inayoeleweka.

Nilikitafuta kijitabu kilichokuja na pasi hiyo. Kilikuwa na maonyo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakikuwamo, ilhali ndicho lugha ya binti anayepiga pasi na ya fundi anayeitengeneza.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Habari zisizoeleweka si habari. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, hapana sababu ya kuruhusu vyombo vya umeme kuuzwa nchini bila maelezo ya Kiswahili, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lingefaa kulidai hilo.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Msomaji arejee aya ya pili ya makala haya: plagi, fyuzi, bisibisi, waya, mpini. Hayo ni maneno ya dukani na gereji, wala sikuyabuni mimi. Kilichopungua ni nia.

Nilimwonyesha binti yule nyaya zile tatu na kazi ya kila mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na birika la umeme je, tumelitazama?"

Hatukuwa tumelitazama.