Nilisema "Hasikii", Wakaandika Kiziwi

Mwezi uliopita, kwenye foleni ya maji, mama mmoja aliniuliza mtoto wangu amepona kwa dawa gani. Nikamwambia hajapona, maana haumwi. Alinitazama kama mtu ninayemdhihaki. Ndiyo sababu nimeomba nafasi kwenye ukurasa huu wa familia nieleze vizuri, kwa kuwa kwenye foleni huwezi kumaliza habari, halafu masikio ni mengi.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulitoka Jomba, Rutshuru, Machi 2022 vita iliporudi kwetu. Tukavuka mpaka pale Bunagana, tukakaa Nyakabande kule Kisoro majuma kadhaa, kisha lori likatuleta hapa Nakivale. Huyu ninayemwandika ni wa tatu. Wakati ule alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na hakuwa na neno hata moja. Ukimwita jina hageuki. Ukimbeba anajikaza kama ubao. Kule Nyakabande, ndani ya yale mahema makubwa yenye watu wengi na makelele, alijigonga kichwa chini mpaka akatoka damu.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Shemeji yangu alisema ni vita imemshtua. Mama mkwe alisema nilimwachisha ziwa mapema. Jirani alisema ni chanjo. Na mtu mmoja wa chumba cha maombi aliniambia, "Mama, huyu mutoto iko na pepo." Tukakaa naye kwenye maombi siku tatu bila chakula, mimi na mtoto. Naamini maombi, na ninaomba mpaka leo, lakini kumnyima mtoto wa miaka mitatu chakula ni jambo ambalo silirudii tena. Mimi mwenyewe nilishika lile jibu la vita, kwa sababu moja tu: halikunilaumu.

Basi nikampeleka kwenye zahanati moja. Nesi alikuwa hajui Kiswahili, tukapewa mkalimani. Nikaulizwa shida ni nini, nikajibu kama tunavyojibu sote: "Mtoto hasikii." Nilitaka kusema hasikii nikimwita, hasikii nikimkataza. Kwetu mtoto mkaidi hasikii, hata mume mkaidi hasikii! Mkalimani akavusha neno moja tu upande wa pili, na neno hilo likaandikwa kwenye karatasi: kiziwi. Hakuna aliyempima masikio. Tulitoka pale kabla mgonjwa aliyetutangulia hajamaliza kupanga dawa zake.

Ninyi mnajua karatasi ya kambini. Ikishaandikwa, inatembea mbele yako. Mwaka mzima na zaidi mtoto wangu alikuwa kiziwi kila mahali tulipofika. Tukawekwa kwenye orodha ya kungojea vifaa vya kusikia. Na mimi, kwa upumbavu wangu, nikawa nampigia kelele sikioni ili asikie, mtoto anayechukia kelele kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa ananiuma, na mimi ninamchapa.

Aliyenifungua macho ni binti yangu mkubwa. Siku moja aliniambia, "Mama, huyu haiko kiziwi. Nikifungua biskuti nyuma ya nyumba anakuja mbio." Tukamjaribu. Nikamkalisha mtoto ndani, binti akaenda nyuma ya ukuta akachezesha ile karatasi ya biskuti polepole. Mara tatu, na mara zote tatu mtoto alisimama akaenda. Nikarudi zahanati kueleza. Wakaniambia kwenye faili ni kiziwi, ningoje zamu yangu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ni gumu kwangu kuliandika. Mwaka 2024 mtoto alipotea. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni, wenzake wakacheza, wakamsahau. Tulimkuta jioni upande wa ziwa, maji yakiwa yamemfika magotini, anapiga maji kwa viganja na kucheka. Mvuvi mmoja ndiye alikuwa amesimama naye, hajui ni wa nani, maana ukimuuliza jina hasemi. Kuanzia siku ile nikawa namfunga. Nilichukua kitenge, nikamfunga mguu kwenye kitanda kila nilipotoka. Nilijiambia bora afungwe kuliko nimzike. Wapo wazazi wengine hapa wanaofanya hivyo leo, na ninawajua. Siwatupii jiwe.

VHT wa mtaa wetu aliingia bila kubisha akamkuta amefungwa. Nilidhani atanipeleka polisi. Alikaa chini, akasema, "Dada, mfungue kwanza. Halafu usiniambie anaumwa nini. Niambie anafanya nini, toka asubuhi mpaka usiku." Nikaanza kusema, akanikatiza: "Andika." Akanipa daftari la shule.

Ninawaomba mlishike hili la daftari, kwa sababu ndilo lililotutoa tulipokuwa tumekwama. Niliandika majuma mawili. Kwamba hanyooshi kidole kuonyesha anachotaka, bali ananishika mkono na kuupeleka kwenye kitu kama vile mkono wangu ni kijiti. Kwamba nikimwonyesha ndege, anatazama kidole changu, hatazami ndege. Kwamba wenzake wanapika udongo na kubeba mtoto wa majani mgongoni, yeye anageuza kifuniko cha sufuria kizunguke, saa nzima. Kwamba anakula uji na viazi vyeupe tu, na posho ikigusana na maharage anatupa sahani. Kwamba anaziba masikio pikipiki ikipita. Kiziwi gani anaziba masikio?

Na daftari na barua ya VHT tukapata rufaa ya kwenda mjini Mbarara. Kwanza wakampima masikio, na majibu yakaja kwamba anasikia vizuri. Hatua hiyo isirukwe hata kama mzazi ana hakika, maana wapo watoto ambao kweli hawasikii, na wapo wenye vyote viwili. Kisha tukaonana na daktari wa watoto aliyesoma mambo ya akili. Nilitegemea mashine na damu. Hakuna. Hali hii haionekani kwa kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Inajulikana kwa kumtazama mtoto na kumuuliza mzazi kwa urefu. Aliuliza kama alilia alipozaliwa, kama aliwahi kuwa na malaria kali yenye degedege, kama huwa anakodoa macho na kupotea kidogo, maana kifafa huwapata wengi wa watoto hawa na chenyewe kina dawa. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Je, aliwahi kuwa na maneno yakapotea?"

Hapo ndipo habari ya vita ilipimwa. Daktari alieleza kwamba yapo maumivu ya vita yanayomfanya mtoto anyamaze, na hayo yana njia yake ya kusaidiwa, kwa hiyo lazima ijulikane alikuwaje kabla. Mume wangu akakumbuka simu yake. Kulikuwa na video ya harusi ya mdogo wake, Novemba 2021, sisi tukiwa bado nyumbani na amani. Watoto wote wanacheza ngoma. Wetu yuko pembeni anazungusha kifuniko. Inasikika sauti yangu mwenyewe inamwita jina lake mara nne, hageuki. Daktari aliitazama mara tatu bila kusema neno. Mume wangu alitoka nje, akakaa huko muda.

Jina lake ni usonji. Ndivyo wanavyosema Tanzania na Kenya. Hapa Uganda mtasikia zaidi otizimu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengwa tangu mwanzo, hauambukizi, na dalili mara nyingi huanza kuonekana kabla ya miaka miwili. Vita haikumletea, ilimzidishia tu. Ziwa langu nalo halikumletea. Nilifarijika, kwa uchungu kidogo, kusikia kwamba hata Marekani na Ulaya, miaka ya 1950 na 1960, wataalamu walikuwa wakisema usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Mmoja wa waliowapinga ni mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji. Aliandika kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo kiko mwilini. Kumbe mama mkwe wangu hakuwa peke yake.

Kuhusu chanjo nitasema kwa ufupi. Uvumi ule ulipata nguvu kwenye makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 huko Uingereza, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Wachanjeni watoto, surua inaua. Na wanaosema hii ni hali ya Wazungu, Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walitoa utafiti wao mwaka 2014 kuhusu watoto wa Kampala na Wakiso, wakakuta karibu watoto 7 katika kila 1,000. Fikirieni watoto waliopo hapa kambini, halafu jiulizeni wako wapi. Wako ndani.

Daktari hakutupa dawa. Alisema wazi kwamba hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayewauzia anawaibia. Nilikasirika, maana nilikuwa nimekopa nauli. Lakini alitutuma kwa dada mmoja aliyekuwa anafundisha wazazi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yake kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida kama hizi, yenye vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na anayeyafundisha si lazima awe daktari. Yale ya kwetu yalikuwa mafupi kuliko hayo, lakini njia ni ile ile. Ukae chini, uso kwa uso. Ufuate anachokipenda yeye badala ya kumlazimisha chako. Upunguze maneno.

Basi mimi nikachukua kifuniko changu cha pili, nikakaa mbele yake nikazungusha na mimi. Siku ya kwanza akanifukuza. Juma la pili akanisogezea kifuniko chake. Nikasema neno moja tu, "zungusha", nikangoja. Tulikaa kwenye neno hilo karibu miezi miwili. Jirani akasema sasa amepata kichaa mama pia.

Nyumbani tulibadilisha vitu vidogo. Nyuma ya mlango nimechora kwa chaki siku yake: uji, kuoga, kucheza, kula, kulala. Anapita na kidole. Siku ya mgao ambapo kila kitu kinavurugika, namchorea gunia tangu usiku, na akibaki kwa jirani hapigi tena kichwa. Kwenye mlango tumening'iniza vifuniko vya kopo, ukifunguka vinalia. Waendesha boda wa kituo chetu wote wanamjua, na shati lake lina namba ya simu ya baba yake imeshonwa kwa ndani. Kitenge nakifunga kiunoni sasa.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kuondoa lile neno kiziwi. Nilikwenda na karatasi ya Mbarara ofisi hii na ile kwa miezi mitano, narudishwa. Nawashauri: tengenezeni nakala tatu, ya asili iwekeni kwenye plastiki, na mkipeleka nakala ombeni aliyeipokea aandike tarehe na jina lake. Ombeni mtoto aandikwe kwenye mahitaji maalum kwa hali yake ya kweli, maana mgao ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023 sisi tulihesabiwa kama nyumba nyingine yoyote. Huduma hizi ni za bure. Na siku ya daktari, mkalimani akigeuza maneno yako kuwa neno moja, mwombe arudie yote uliyosema. Si utovu wa adabu.

Wapo wanaowaficha watoto hawa kwa kuogopa kukosa safari ya nchi ya tatu. Hata mume wangu alisema, "Mama, tukiandikisha hivi tutabakia hapa." Tulikwenda kuuliza. Ulemavu wa mtoto haufuti kesi, na mahitaji ya matibabu ni mojawapo ya sababu za UNHCR kumpendekeza mtu. Kwa mfano Kanada, sheria yao hairuhusu kumkataa mkimbizi kwa sababu tu matibabu yake yatagharimu serikali sana. Kuficha ndiko kunaleta taabu, kwa sababu mtoto akijulikana siku ya mwisho, maswali yanaanza upya.

Sasa ana miaka sita. Ana maneno kumi na moja, na binti yangu anayahesabu kwenye daftari lile lile. Shule bado. Mwalimu mmoja alimpokea, lakini darasa lina watoto zaidi ya mia na yeye alikaa chini ya dawati akiziba masikio. Tukakubaliana aje saa ya kwanza tu, kabla kelele hazijapanda. Wakati mwingine anakubali, wakati mwingine tunageuzia njiani.

Tumejikuta wazazi saba wenye watoto wa namna hii. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi nyumbani kwangu. Muulizeni VHT yeyote wa mtaa wetu, atawaonyesha mlango wenye vifuniko. Njooni na mtoto, msimwache. Kama anakula kitu kimoja tu, mje nacho.