Mkwaju mfupi hupimwa kwanza kando ya mpira

MCHEZAJI gofu katika Thika Sports Club au Ruiru Sports Club anaweza kufika karibu na shimo kwa mikwaju miwili, kisha akapoteza mitatu katika hatua ishirini zilizosalia. Mara nyingi kosa si uhaba wa nguvu bali ni kukosa kipimo.

Mkwaju wa mbali hupigwa kwa nguvu zinazokaribiana kila mara. Mkwaju mfupi hudai kadirio jipya kila unapopigwa. Kwa hivyo mchezaji hushauriwa kusimama kando ya mpira na kupunga fimbo mara mbili au tatu huku akilitazama shimo, hadi mkono uhisi umbali unaotakiwa.

Mahali pa kujaribia pafanane na palipo mpira. Nyasi za kikuyu, zilizopewa jina la jamii ya eneo hili, hujisuka na kunasa fimbo. Anayejaribu penye nyasi fupi hujidanganya. Fimbo ifagie nyasi. Ikichimba udongo, arudie, uzito ukiegemea mguu wa mbele.

Akisharidhika, apige bila kukawia, kabla mkono haujasahau. Sheria hupendekeza mkwaju usizidi sekunde 40.

Tahadhari ni mbili. Akiusogeza mpira kwa bahati mbaya nje ya eneo laini la shimo, huongezewa mkwaju mmoja na kuurudisha mpira. Akigusa mchanga akijaribu ndani ya mtego, huongezewa miwili katika shindano la kuhesabu mikwaju.