Siku Moja Pwani ya Liguria

Kaskazini-magharibi mwa Italia, mkoani Liguria, vipo vijiji vitano viitwavyo Cinque Terre, vilivyojengwa juu ya majabali ya pwani. Mwenye mshahara mdogo na watoto asihangaike na motokaa: mahali pa kuegesha ni haba, tena ghali. Garimoshi litokalo La Spezia kwenda Levanto husimama katika vijiji vyote, na baina ya kijiji na kijiji ni mwendo wa dakika chache.

Lakini ajihadhari. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa sharti igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini ingawa amelipa nauli kamili, na fedha hizo zingewalisha watoto mchana kutwa.

Corniglia pekee hakiko kando ya maji. Kutoka kituoni hupandwa ngazi zaidi ya 370. Wazee na wangoje basi dogo.

Ama chakula, mkahawa unaoitazama bahari huuza mandhari kwanza, samaki baadaye, na mara nyingi hudai malipo ya kukalia meza, yaitwayo coperto. Afadhali duka la mkate. Hapo hupatikana focaccia, mkate mpana wenye chumvi na mafuta ya zeituni, unaolika vizuri hata ukutani bandarini. Dagaa wa Monterosso, waliohifadhiwa kwa chumvi, hufuatana nao vema. Pesto, mchuzi mbichi wa kijani wa huko, ni mrehani uliotwangwa kinuni pamoja na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta. Mama yeyote ajuaye kutwanga angeutambua ufundi huo.

Kahawa nayo hunywewa wima mbele ya kaunta. Mezani bei hupanda.