Je, Wajua? Sauti za Wazee wa Keya

Je, wajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa na mwezi mmoja tu vilipofika Nyanza Kusini? Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakaingia Karungu, Migori ya leo, wakaelekea Kisii. Waingereza wakashusha askari wa KAR kwa meli Kendu Bay, wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 12 walipigana hadi jioni, na usiku pande zote mbili zikajiondoa!

King's African Rifles? Jina refu hilo waachie wenyewe. Huku ni Keya.

Je, wajua kwamba filamu *They Shall Not Grow Old* (2018) ya Peter Jackson haina msimulizi? Wanaosimulia ni wakongwe wa Uingereza tu, waliorekodiwa miongo kadhaa baada ya vita. Picha zilikuwa bubu, basi wakaitwa wasoma midomo wabaini askari walikuwa wakisema nini. Itafute, ni kazi ya mikono. Ila mpagazi wa Karungu humsikii humo.

Na wapagazi, yaani Kariakoo, inakadiriwa walikufa karibu 100,000 upande wa Waingereza. Filamu *The Unremembered* (2019), ambamo mbunge wa Uingereza David Lammy anatafuta makaburi yao Kenya na Tanzania, ilichangia kuombwa radhi rasmi mwaka 2021. Wenyewe walikuwa wameshakwisha.

Je, wajua kwamba babu yake Barack Obama, Hussein Onyango, mtu wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alifika Burma katika vita vya pili akimpikia afisa wa Kiingereza?

Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa, ikapigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika mbili hivi na watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Ukiwa na nafasi ya filamu moja tu, chagua *Burma Boy* (2011) ya Al Jazeera. Mzee Isaac Fadoyebo wa Nigeria anasimulia alivyojeruhiwa huko Burma na kufichwa miezi mingi na familia ya mwanakijiji. Mwanahabari Barnaby Phillips anaifuata familia ile hadi anaipata. Hapo mzee anaongea mwenyewe, hasemewi.

Je, wajua kwamba mwaka 1964, BBC ilipokuwa ikirusha *The Great War* yenye wakongwe wake, Ujerumani ililipa askari wake wa zamani wa vita vya kwanza malimbikizo ya mishahara ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, Mwanza? Husimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti. Mlipaji akawapa ufagio, mmoja mmoja, akaamuru kwa Kijerumani: silaha begani! Hakuna aliyekosea.